Maneno Elfu Tatu Kabla ya Septemba

Jumatatu, 10 Juni

Mvua ya kwanza imenyesha saa tisa alasiri, kwa dakika ishirini na tano, na barabara ya Ameerpet, mtaa wetu wa madarasa ya mitihani, imegeuka mto wa rangi ya chai. Nimejiandikisha darasani. Ni ghorofa ya nne, juu ya duka la miwani. Kuna wanafunzi sitini na wawili na feni sita, na katika hizo sita ni mbili tu zinazozunguka.

Jambo lenyewe ni hili. Wakfu mmoja wa Delhi umenikubalia udhamini wa kwenda Marekani kusoma uzamili wa uandishi wa habari za mahakama, kwa sharti moja: nipate alama 160 katika sehemu ya lugha ya mtihani wa GRE, na matokeo yawafikie kabla ya tarehe 5 Septemba. Mtihani huo hautaki Kiingereza cha kuzungumza. Unataka maneno ambayo Mwingereza mwenyewe huyafungulia kamusi. Nilipojipima nyumbani nilipata 151. Nina miaka arobaini na mitano, na fomu ya wakfu inasema mwisho ni arobaini na mitano. Mwakani hakuna.

Nimeandika kesi kwa Kitelugu miaka ishirini na moja, gazeti lilelile, mahakama zilezile za Nampally, na sijawahi kuchelewesha habari hata moja. Sioni sababu ya kuanza sasa.

Msichana aliyekaa dirishani amenisogezea kiti. "Karibu, anti. Umekuja kumwandikisha mwanao?"

"Nimekuja kusoma."

Amelitazama begi langu, kisha uso. "Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Haya, kaa. Ila ukijua jibu usinifiche. Nyie watu wazima mna roho mbaya."

Anaitwa Swarupa. Ana miaka ishirini na mitatu, baba yake ni mfumaji huko Sircilla, na darasa hili analirudia kwa mara ya tatu.

11 Juni

Maneno sitini. Yote ya herufi A.

Alhamisi, 13 Juni

Leo nimeuona ubao. Uko ukuta wa kushoto, mbali na ule wa kufundishia, na mwalimu Dattatreya haugusi. Wenyewe wanauita ubao wa waliorudi. Aliyefanya mtihani asubuhi huja jioni ileile na boksi la laddu, zile tamutamu za mviringo, huzigawa, kisha hushika chaki na kuandika kila neno analokumbuka kukutana nalo. Wengine wote huinua simu na kupiga picha. Kijana wa leo ameandika tisa, na kwa kila neno amepigiwa makofi kama mcheza kriketi.

"Haya ndiyo yenyewe, anti," Swarupa ameniambia, laddu nzima mdomoni. "Orodha ya mwalimu ina maneno elfu tatu na mia tatu. Nani ana kichwa cha kuyabeba yote? Ubao ndio unaokwambia mtihani unataka yapi."

Nimeyanakili yote tisa. Laddu ilikuwa nzuri.

20 Juni

Mvua. Maneno themanini. Bado A.

27 Juni

Mvua. Nimefika C. Mahakamani kesi mbili zimeahirishwa kwa sababu paa la mahakama namba sita linavuja juu ya hakimu.

Jumatano, 3 Julai

Mwalimu Dattatreya ameuliza Kiingereza cha mtu mkaidi. Darasa zima limejibu kwa sauti moja hadi dirisha likatetemeka. Hajauliza neno hilo hutumika wapi, wala mkaidi huyo alikataa nini. Amepita kwenye neno linalofuata. Pembeni mwa daftari nimeandika: mchuuzi. Anauza orodha.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepata nafasi ya mtihani Ijumaa tarehe 19, saa nne na nusu asubuhi. Mama amekwenda kwenye kalenda ya ukutani akapigilia kidole. Ijumaa saa nne na nusu ndipo saa ya Rahu, sayari ya mkosi, inapoanza, mbaya kwa kazi yoyote hadi saa sita.

"Badilisha."

"Nafasi ni hiyo tu, Mama."

"Basi chelewa."

"Wanafunga mlango."

Amefikiri kidogo. "Basi ingia, ila usianze."

14 Julai

Ubao umefikisha maneno 131. Nayajua yote. Orodha nimeiweka kando. Sasa nasoma ubao tu.

Ijumaa, 19 Julai

Nimepata 154.

Niandike kwa mpangilio. Nilifika saa nne kasorobo. Wakanikagua mifuko, wakanivua saa, wakanipa karatasi yenye kiapo cha kunakili kwa mkono: kwamba sitamweleza mtu yeyote yaliyomo katika mtihani huu. Nikanakili, nikatia sahihi. Chumba kilikuwa baridi kama mochwari, na mochwari nimeingia mara nyingi za kutosha kulinganisha. Mtihani ni chini ya saa mbili. Katika nusu ya kwanza niliona mambo yanakwenda. Katika nusu ya pili nilikuta maneno ambayo sikuwahi kuyaona popote, yamejipanga kama mashahidi walioletwa na upande wa pili bila taarifa.

Bado alama sita. Nimetoka nje, nimekunywa chai mbili nimesimama chini ya turubai, nimefungua simu, na nimechukua nafasi nyingine: Ijumaa, 23 Agosti. Zaidi ya hapo matokeo hayatafika Delhi kwa wakati. Hilo ndilo jaribio la mwisho.

Sikwenda darasani. Saa kumi na moja Swarupa amepiga simu.

"Anti, tumekaa hapa kama tunasubiri treni. Laddu ziko wapi?"

"154."

"Si mbaya!"

"Ni pungufu."

"Maneno je? Nina kalamu."

"Nilitia sahihi kwamba sitasema."

"Kila mtu anatia sahihi!"

"Najua."

Nyuma yake nimesikia watu wakiuliza, anasemaje, anasemaje. "Yaani anti umekula laddu za wenzio wiki tano, umenakili maneno yao kwenye hicho kidaftari chako, zamu yako imefika unafunga mdomo?"

Ana haki. Ningekuwa wakili wake ningeishia hapohapo na kukaa chini.

Mama ameniwekea wali na achari ya embe. Hajasema kitu kuhusu Rahu. Ameitazama kalenda tu.

Jumapili, 21 Julai

Sikukuu ya Bonalu. Ngoma tangu alfajiri, wanawake wanapita barabarani na vyungu kichwani kwenda hekaluni kwa Mungu Mama. Nimefunga dirisha na kufanya nilichopaswa kufanya tangu Juni: nimewahoji mashahidi.

Nina maneno 143 ya ubaoni, pamoja na ya wiki hii. Nimeyapanga kwa herufi. Yanayoanza na A, B na C ni 88. D hadi F ni 37. Herufi zote zilizobaki, kuanzia G mpaka Z, zimegawana 18.

Nikafungua orodha ya mwalimu. Humo A, B na C ni chini ya robo. Katika kamusi pia ni chini ya robo. Kwa hiyo ama watunga mtihani wana mapenzi na mwanzo wa alfabeti, ama mashahidi wangu wanakumbuka kile tu walichokuwa wanakijua tayari.

Jumatatu, 22 Julai

Nimefika mapema nikakaa ngazini na kumuuliza kila aliyepanda swali moja: katika orodha umefika wapi? Nimewauliza ishirini na sita. Mmoja amefika P. Wawili wamefika H. Waliobaki wote wako kati ya C na F.

Swarupa amejibu bila aibu. "Kila darasa jipya linaanza na A, anti. Ukishindwa unarudi na wapya, mnaanza A. A nimeisoma mara tatu, naijua kuliko binamu zangu. Z sijawahi kuiona."

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Mtu anaingia chumba cha mtihani anaijua A. Anakutana na maneno arobaini, anayatambua manne, na manne hayo ndiyo anayorudi nayo. Sisi tunayanakili, tunasema mtihani unayataka hayo. Wanaofuata wanayasoma, wanayatambua, wanayarudisha. Ubao haujawahi kutueleza mtihani. Ulikuwa unatueleza sisi tulipoishia.

Jumanne, 23 Julai

Nimemwomba mwalimu Dattatreya dakika tano kabla ya somo. Akadhani nina tangazo. Nimesimama mbele ya ubao wa waliorudi nikaandika namba tatu: 88, 37, 18. Nikaeleza. Sikumtaja mtu.

Kijana mmoja wa nyuma akasema: "Anti, umeua ubao."

"Ameshindwa mtihani, sasa ubao ndio mbaya," mwingine akadakia, na wengi wakacheka.

Swarupa hakucheka. "Mtihani wangu ni tarehe mosi," akasema. "Siku tisa. Nina ubao tu. Kama ubao si kitu, mimi nina nini?"

"Una A," akasema yule wa nyuma, na darasa likalipuka. Swarupa akachukua begi lake akatoka.

Mwalimu Dattatreya alifundisha kama kawaida. Baada ya somo amenipeleka kwenye kibanda cha chai, akaagiza biskuti za Osmania, akachovya moja muda mrefu mpaka nikadhani itakatika.

"Padmaja garu," amesema, akiniita kwa heshima yetu, "unadhani mimi sijui?"

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na mitano. Mtihani ule nimeufanya mara sita, ili nijue ninachofundisha. Nilikuja darasani nikasema, watoto, ubao huu haufanani na nilichokiona. Mwezi uliofuata nusu walihamia jengo la mbele, wana ubao mkubwa zaidi."

"Kwa hiyo ukanyamaza."

"Nikaacha kuugusa. Hukuona?" Amekula biskuti. "Watoto hawa wanatoka Sircilla, wanatoka Adilabad. Wameona orodha nene hivi. Ubao unawaambia mambo haya yana mwisho. Wakiona mwisho, wanakaa. Wakikaa, angalau wanajua A."

"Swarupa amekaa mara tatu."

Akaisukuma sahani ya biskuti upande wangu.

Sahihisho la maandishi ya tarehe 3 Julai: huyu si mchuuzi. Ni mtu aliyekuwa sahihi mapema mno, akachoka kuwa sahihi peke yake.

Jumatano, 24 Julai

Nimekwenda hosteli ya Swarupa. Mwenye hosteli amenikaribisha kama mzazi, nami sikumsahihisha.

"Umekuja kunihesabu?" Swarupa ameuliza, hajainuka kitandani.

"Nimekuja na mkasi. Sogeza tarehe yako mpaka mwisho wa Agosti. Mimi yangu ni 23. Tuna mwezi."

"Mwezi wa kusoma maneno elfu tatu na mia tatu?"

"A unaijua. Yamebaki elfu mbili na mia tisa."

"Anti, we unafariji vibaya sana."

Lakini amesogea. Tumeikata orodha yake na yangu vipande vipande, neno moja kila kipande, tukavimimina kwenye debe la chuma la mchele nililokuja nalo, tukatikisa. Hakuna tena A wala Z. Kila siku kila mtu anachota vipande tisini, analiokota neno lolote lililomwangukia. Tumemaliza saa kumi na mbili, vidole vimeota malengelenge.

Kilichobaki ni namna ya kuyashika. Maana iliyoandikwa ubavuni haikai; nimelijua hilo tarehe 19. Nimeamua hivi: kila neno nitalipatia mshtakiwa wake. Nimekaa kwenye benchi la waandishi miaka ishirini na moja, na hakuna tabia ya binadamu ambayo haijapita mbele yangu ikiwa na namba ya kesi.

29 Julai

Obsequious: karani wa namba mbili, aliyemwinamia kila wakili mwenye gari na kumpita mjane bila kumwona. Laconic: mwizi wa pikipiki, 2011. Hakimu alimuuliza kwa nini aliichukua. Akajibu neno moja tu: "Ilikuwepo." Maneno tisini, nakumbuka sabini na manane.

3 Agosti

Mvua siku ya nne. Themanini na moja.

Jumanne, 6 Agosti

Swarupa analalamika kwamba yeye hana washtakiwa. Nimemwambia ana hosteli. Jioni amerudi na orodha: mpishi anayeongeza maji kwenye dal, mchuzi wa dengu, na kuapa hajui, mwenzake wa chumbani anayelia kwa makusudi, mwenye hosteli mwenye sheria arobaini. Amechota vipande tisini na kukumbuka sabini. Siku ya kwanza nilimdhani kuwa ni mcheshi asiyesoma. Sahihisho: alikuwa anasoma sana, kitu kilekile.

9 Agosti

Kesi ya wizi wa mabomba ya maji imesikilizwa siku nzima. Vipande vyangu nimevisoma korido, na askari amedhani ni kete.

Jumatatu, 12 Agosti

Mwalimu Dattatreya amefungua darasa jipya. Amewaambia wafungue ukurasa wa 112, herufi M. Mmoja ameinua mkono. "Mwalimu, tumekosa somo la kwanza?" "Hapana," amesema. "Hapa ndipo mwanzo." Wawili wameondoka. Hamsini na wanne wamekaa.

Ameniomba debe langu aonyeshe darasa. Nimemkopesha kwa masharti.

17 Agosti

Nimejipima nyumbani: 160. Haitoshi kuwa sawasawa. Nataka akiba.

20 Agosti

Mvua tangu alfajiri mpaka jioni. Maji yameingia ghorofa ya chini ya duka la miwani. Vipande tisini, themanini na sita.

21 Agosti

Nimejipima: 163.

Ijumaa, 23 Agosti

Safari hii mtihani ulikuwa saa tatu, Mama hakupata la kusema. Mvua ndiyo ilisema. Saa moja na nusu bajaji ilikwama Begumpet, maji yakafika kwenye kiti. Dereva amegeuka akaniambia, "Shuka uogelee, mama, au tukae tuwe samaki." Nimeshuka. Nimetembea kilomita moja na nusu, maji magotini, pasipoti ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine wa plastiki. Nimefika saa tatu kasoro dakika nane. Mlinzi ameyatazama makubazi yangu akaitazama sakafu yake. Nimeyavua. Mtihani wa mwisho nimeufanya pekupeku.

Nimenakili kiapo, nimetia sahihi.

Sitaandika yaliyokuwemo. Naweza kuandika yaliyokuwa kichwani mwangu: karani wa namba mbili, mwizi wa pikipiki, mganga wa uongo wa Malakpet, shahidi aliyekana maneno yake mara tatu kwa siku moja. Walikuja mmoja mmoja, kila aliyeitwa alisimama. Wengine sikuwaita wakaja.

Mwishoni kompyuta inakuuliza uamue kabla ya kukuonyesha alama: utume matokeo, au uyafute kana kwamba hukuwahi kufika. Msichana wa meza ya pembeni alikaa na swali hilo dakika nzima, mkono mdomoni. Mimi sijawahi kuifuta habari kabla ya kuisoma. Nimebonyeza kutuma.

161.

Nimeitazama mpaka msimamizi akanikoholea. Moja zaidi ya kinachohitajika. Ningependa akiba kubwa zaidi, lakini wakfu haukuuliza ningependa nini.

Nimempigia Mama. "Saa tatu si ilikuwa nzuri?" amesema, na akaniuliza kama nimelowa.

Jioni nimepanda ghorofa ya nne na maboksi mawili ya laddu. Walikuwa wamejaa, wa zamani na wapya, na mtu alikwisha weka chaki kwenye kiti changu. Yule kijana wa nyuma amesema, "Leo anti atalipa."

"161," nimesema. Makofi yamepigwa, mwalimu Dattatreya ameinamisha kichwa mara moja, kama hakimu anayepokea kielelezo. Kisha simu sitini zimeinuliwa.

Nimewaambia ukweli. Kwamba wiki tano nilikula kutoka kwenye ubao ule na sitaurudishia kitu, kwa sababu nilitia sahihi mara mbili na mara zote mbili nilikuwa na akili timamu. Kwamba wakiniona mchoyo, wana haki. Laddu ni hizi, debe ni lile, na nitakuja kila Jumamosi mpaka siku ya kusafiri kumfundisha yeyote anayetaka jinsi ya kulitumia.

Simu zimeshuka moja baada ya nyingine. Kijana wa nyuma amechukua laddu mbili, akasema moja ni ya fidia.

Swarupa amebaki. Mtihani wake ni Alhamisi, siku sita. "Hata moja, anti? Mimi niliyekata orodha nikaota malengelenge?"

"Hata moja."

Amenitazama sana. Ni mtazamo ninaoujua. Mashahidi huwa nao kabla ya kuamua kama watasema au watakaa kimya. Kisha amekaa sakafuni, amelivuta debe, ametumbukiza mkono mpaka kiwikoni na kutoa kipande.

"Hili silijui," amesema. Nikafungua mdomo. "Hapana, usiniambie maana. Niambie alifanya nini."

Nimelisoma. "Aliiba pampu ya maji ya hekalu. Polisi walimkuta asubuhi amesimama mstari wa mbele, anawafundisha watu kusali."

Swarupa amefikiri. "Mtu anayejifanya mtakatifu, na anawakemea wengine."

"Ndiyo."

"Namjua. Anakaa chumba namba saba."

"Umelipata," nimesema. "Toa lingine."